Nyumba Zilizomo Ndani ya Katekisimu

Valpuri wa Kettula alizijua alama za nyumba arobaini na tatu, na ni kwa sababu hiyo hasa hakuweza kuolewa.

Kasoro nyingine hakuwa nayo. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, meno yote kinywani, ng'ombe wawili zizini, na shamba dogo la Kettula ambalo marehemu mumewe alimwachia pamoja na mawe yake yote. Kazi yake ilikuwa kushona nyavu. Kila boya la wavu katika ziwa letu la Kaitajärvi limechomwa kwa chuma cha moto alama ya nyumba ya mwenyewe: mistari miwili mitatu, pembe, ndoano, mguu wa kunguru. Alama hiyo hiyo iko juu ya mlango, iko kwenye mpini wa shoka, na iko chini ya kila hati ambayo mwenye nyumba aliambiwa aitie sahihi bila kuielewa. Baada ya dhoruba maboya hutapakaa ufukweni kama mayai ya ndege asiyejulikana, na Valpuri ndiye aliyeyaokota na kuyarudisha, hili kwa huyu, lile kwa yule, bila kumuuliza mtu. Akiliona boya aliona mlango. Akiuona mlango aliona moshi, mbwa, na nani amekaa karibu na jiko.

Aliyetaka kumwoa ni Eskeli, mchoma lami aliyetoka usharika wa mbali, mtu wa maneno mengi na nyusi zilizoungua. Hakuwa na ardhi, na jambo hilo lilikuwa na haraka yake. Mfalme alikuwa na vita ng'ambo ya bahari, na kila barafu ilipoyeyuka afisa wake alikuja na karatasi kuchukua wanaume wasio na ardhi. Mwenye shamba hakuguswa. Mume wa mwenye shamba ni mwenye shamba. Hesabu hiyo Eskeli aliifanya kabla hajayatazama macho ya Valpuri, na alikiri hivyo wazi, jambo ambalo Valpuri aliliona la heshima. Wengine hufanya hesabu hiyo hiyo na kusingizia mwezi na mapenzi.

Kilichobaki ni Sheria ya Kanisa.

Sheria yenyewe tuliipokea kwa utulivu. Ilitiwa sahihi Stokholmu mwaka 1686, ikafika kwetu miaka kadhaa baadaye, maana karatasi nayo hungoja ziwa ligande. Kabla ya hapo kanisa lilikuwa mahali pazuri. Mtu alikwenda kubadilishana farasi, kuchumbia, na kulala. Mahubiri yalishuka marefu na laini kama theluji ya Januari, na chini yake usharika mzima ulilala usingizi wa haki. Kisha Sheria ikampa kila mtu kiti chake: nani mbele, nani nyuma, nani mlangoni kwenye upepo. Ikaleta mkatale, gogo la kubana miguu, ukawekwa barazani kwa ajili ya walevi na watoro, na baadaye, Mchungaji alipokata tamaa, kwa ajili ya wasiosoma. Na kubwa kuliko yote, ikaagiza kila mtu, mwanamume na mwanamke, ajifunze kusoma na kuona kwa macho yake mwenyewe aliyoamuru Mungu. Asiyejua Katekisimu hakaribii Meza ya Bwana. Asiyeikaribia Meza ya Bwana haoi wala haolewi. Watu waliofikia umri wa kuzaa wakajikuta wamefikia umri wa shule.

Kazi ya kufundisha, Sheria ilimpa mwimbishaji. Mwimbishaji wetu Sipi alikuwa na sauti ya kuangusha theluji kwenye paa, na zaburi zote alizihifadhi kifuani tangu ujana, kwa sababu kusoma hakujua. Vuli moja alijifunza herufi kutoka kwa Mchungaji, akawa anawatangulia wanafunzi wake kwa herufi mbili, tatu siku akilala vizuri. Kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuzikumbuka, alizifananisha na alama za nyumba.

“Hizi za kitabuni zimevaa makoti,” aliwaambia watu, akionyesha kwa mfupa wa samaki. “Ivueni hii koti lake. Ndani mnaona nini?”

“Hirvelä!” walijibu, maana pembe za Hirvelä zilikuwa juu ya kila kitu cha Hirvelä.

Usharika ulijifunza kwa kasi ambayo haikutarajiwa, pamoja na matatizo ambayo hayakutarajiwa. Wiki ya pili Mzee Mustola, tajiri wa upande wa kusini, alimjia Sipi amekunja uso.

“Wewe Sipi. Ukurasa mmoja, Hirvelä nimemwona mara tisa. Mimi mara moja, tena pembeni. Kwa nini?”

“Mzee wangu, mimi sikukiandika kitabu.”

“Kakiandika nani?”

“Mjerumani mmoja. Keshakufa.”

“Hirvelä alimpa nini?”

Kwa wengi, alama zilikuwa ngazi. Walipopanda juu waliisukuma. Wakaacha kuona Hirvelä, wakaona herufi, na baada ya herufi hawakuona kitu tena, walisema tu. Valpuri hakuweza. Alipofunguliwa kitabu aliona ziwa limeganda, jeupe hadi ukingoni, na juu yake nyumba nyeusi zimepangwa safu kwa safu, kila moja na moshi wake umesimama wima kwenye baridi. Alisikia mbwa. Alianza kutembea.

Tatizo ni kwamba baadhi ya nyumba hazikuwa na moshi. Miaka miwili ya njaa, ile tuliyokula mkate wa magome ya msonobari, ilizifunga nyumba nane kati ya arobaini na tatu. Na kwetu mtu hapiti mbele ya nyumba iliyokufa kama anayepita mbele ya kichaka. Husimama, anashusha mzigo, anavuta pumzi tatu, ndipo anaendelea. Hakuna aliyetuagiza. Sheria haikulitaja jambo hili, kwa hiyo tuliendelea nalo.

Mwaka uliotangulia, kwenye usomaji wa nyumbani, mtihani wa kila mwaka, Mchungaji Salovius alimwekea kidole kwenye mstari wa kwanza. “Soma, mama.” Valpuri alitazama.

“Kwa Ahola hakuna moshi,” akasema.

Mchungaji aliandika kitu kwenye daftari lake la usharika, akaita mwingine.

Basi majira haya ya baridi Sipi alikuja Kettula kila Jumanne, akaketi karibu na jiko, akatoa mfupa wake wa samaki.

“Twende, mama. Usisimame.”

“Nimefika kwa Ahola, Mzee Sipi.”

“Pita.”

“Nipite tu? Saba walikufa mle.”

“Hiyo siyo Ahola. Ni herufi.”

“Wewe ndiye uliyesema ni Ahola.”

Sipi alikuna kidevu. Akarudisha mfupa mwanzo wa mstari. Kando ya jiko Eskeli alikuwa akichonga mwiko na kucheka hadi machozi. Yeye mwaka uliopita alifaulu usomaji. Aliusema mlango wa tano wa Katekisimu kwa pumzi moja, kama sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, inayoshuka mlima bila farasi.

“Valpuri wangu,” alisema, “kusoma ni rahisi. Unafungua mdomo, unauacha uende.”

“Na macho?”

“Macho yanatazama tu, kwa adabu.”

Usomaji wa mwaka huo ulifanyika Februari nyumbani kwa Hirvelä, ambako alama ile ya pembe ilikuwa hata kwenye vijiko. Ilikuwa moja ya siku ambazo jua halichomozi bali hufikiria kuchomoza. Theluji ilianguka pole pole bila upepo, na watu walitokea ndani yake mmoja mmoja, wanawake na mitandio, wanaume na ndevu nyeupe za barafu, kama kwamba waliumbwa palepale mlangoni. Ndani palinuka sufu mbichi, shayiri iliyochachushwa na samaki waliookwa ndani ya mkate. Chakula kilikuwa mezani tangu asubuhi na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kabla ya wote kusoma. Hilo nalo lilikuwa wazo la Mchungaji, na lilisaidia elimu kuliko mkatale.

Mchungaji Salovius aliketi miguu juu ya jiwe la moto. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kifua kibovu, na mwaka huo alikuja na jambo jipya: hakufungua Katekisimu pale ambapo kila mtu aliizoea. Alifungua nyuma kabisa, ukurasa ambao hakuna kidole kilichoupaka mafuta. Waliosimama mbele kwenye mstari waligeuka kuwatazama wa nyuma. Hirvelä mwenyewe alikwama mara nne, akapewa “anajaribu.” Mkewe akapewa “anaelewa kidogo.” Mustola aliuliza kama anaweza kusoma ukurasa wake, ule wenye alama yake.

“Kettula,” aliita Mchungaji.

Valpuri alikuja mezani. Ukurasa ulikuwa ziwa ambalo hajawahi kulivuka. Ulikuwa na theluji mpya, na hakuna nyayo za mtu. Aliona nyumba alizozijua zimekaa mahali pasipo pao, Mustola jirani na Rantala, Hirvelä ng'ambo ya pili, kama itokeavyo ndotoni mtu anapokuta chumba chake ndani ya nyumba ya mwingine na haoni ajabu. Akaanza kwenda. Neno moja. La pili. Kisha akasimama, akashusha mikono, akavuta pumzi tatu. Akaendelea neno moja zaidi. Akasimama tena.

“Amelala huyo!” alisema Paavali, mchoma lami mwenzake Eskeli, kutoka nyuma kwenye kuni. “Mleteeni mto!”

“Kafika wapi?” mwingine akauliza.

“Bado hajatoka mlangoni. Chakula tutakula Pasaka.”

Watu wakacheka. Eskeli hakucheka, alikuwa amekumbuka mwezi wa tano na karatasi ya afisa.

“Nyamazeni,” alisema Mchungaji. Akainama. “Mama, unasoma au unatunga? Mbona unasimama?”

“Nasimama kwa Ahola, Baba Mchungaji.”

“Ahola yupi?”

“Ahola waliokufa. Huyu hapa. Na hapa Rantala. Na huyu wa chini ni Suontaka, yule bibi na wajukuu.”

Mchungaji Salovius alitazama mahali alipoonyeshwa. Wakati wa njaa yeye ndiye aliyewazika, Ahola saba na Rantala watano, shimo moja, bila majeneza, katika wiki ambayo wachimbaji wenyewe waliishiwa nguvu na yeye akashika koleo. Majina aliyaandika daftarini siku ile kwa wino ulioganda, akawa anaupasha kwapani. Tangu hapo alikuwa amefungua vitabu vingi na hakukutana nao hata katika kimoja. Theluji ilikuwa inapita dirishani. Jiko lilipasua kuni moja, na mtu aliyekuwa anakohoa akaacha.

“Endelea, mama,” alisema. “Hatuna haraka.”

Chakula kilipoa. Valpuri alitembea ukurasa wote hadi ukingo wa chini, akisimama kila palipostahili, na kila neno alilolisema lilikuwamo kitabuni, mahali pake, wala hakuna neno alilolisema ambalo halikuwamo. Kati ya watu sitini waliosoma siku ile, hilo lilimtokea yeye peke yake.

“Anasoma,” Mchungaji aliandika, akalitamka neno hilo kwa sauti alipoliandika, kana kwamba alikuwa anamwarifu mtu asiyekuwamo chumbani.

Wasio na ardhi waliitwa mwisho, kama ilivyo katika mambo yote. Eskeli alikuja mezani amechangamka kama mtu aliyekwisha kuoa. Alipewa ukurasa ule ule. Akafungua mdomo, akauacha uende. Mlango wa tano wa Katekisimu ukashuka mlima wote bila kugusa jiwe.

“Eskeli, mwanangu,” alisema Mchungaji, “hayo yako ukurasa wa ishirini. Sisi tuko wa themanini.”

“Nimetangulia, Baba Mchungaji.”

“Umebaki nyuma kurasa sitini. Nisomee neno hili moja.”

Eskeli alitazama neno lile kwa adabu. Hatimaye alisema ni neno zuri.

Kwa huruma, au kwa kuchoka, Mchungaji hakumwandika kitu. Alimpa mpaka Siku ya Maria, mwisho wa Machi. Aje kanisani asome mstari wowote atakaoonyeshwa. Akisoma, ndoa itatangazwa Jumapili tatu na barafu itayeyuka juu ya mume wa mtu. Asiposoma, itayeyuka juu ya askari.

Walirudi Kettula kwa sleji, wakafika katikati ya ziwa.

“Ulinicheka majira yote ya baridi,” alisema Valpuri.

“Kidogo tu.”

“Ulicheka hadi ukakohoa.”

“Ule ulikuwa moshi.” Akarekebisha hatamu. “Nifundishe, Valpuri. Sipi nimemjaribu. Ananiambia hii ni Hirvelä, hii ni Mustola. Mimi mtu wa kuja. Kwangu mimi hizi zote ni kuni.”

Hilo lilikuwa kweli, na Valpuri alilifikiria siku mbili akiwa na sindano ya wavu mkononi. Siku ya tatu alimfunga farasi kwenye sleji, akaweka mkate na maziwa ya mgando, akamwambia Eskeli apande.

Machi kwetu barafu bado ni nene lakini mwanga umerudi, mwanga mwingi kuliko vitu vya kuangaza. Ziwa na mbingu huwa rangi moja, na sleji huenda kati yao pasipo juu wala chini, mpaka farasi anapopiga chafya na dunia kurudi mahali pake. Walikwenda nyumba hadi nyumba. Katika zile zenye moshi walipewa supu ya njegere na dhihaka.

“Mnatafuta nini?” aliuliza mke wa Hirvelä.

“Herufi,” alisema Eskeli.

“Ziko kitabuni, mwenzangu. Hapa tuna kuku.”

Valpuri alimshika Eskeli kiganja, akakiweka juu ya mlango, akakipitisha kwenye mikato ya alama. “Nani?” “Hirvelä.” “Anasemaje?” Naye alitoa sauti ya ile herufi, na kuku wakakimbia. Kwa Mustola walipewa nyama, na Mustola aliuliza kwa siri kama ni kweli kwamba kwenye ukurasa wa themanini alama yake iko mara sita. Ilikuwa kweli. Akaongeza nyama.

Kisha walikwenda kwenye nyumba zisizo na moshi. Kwa Rantala theluji ilikuwa imeingia kupitia tundu la paa na kufanya kilima kidogo juu ya meza, na nyayo za mbweha zilipanda hadi kileleni zikashuka upande wa pili kwa utaratibu. Kwa Suontaka palikuwa na kijiko cha mti kimetundikwa ukutani, na alama imechongwa na mkono wa mtu asiye na haraka. Valpuri alisema habari za wenyewe bila kuongeza: huyu alikuwa mwongo, huyu alijua kuita samaki, huyu mama alizaa pacha siku ya mavuno na kumalizia kukata safu yake. Eskeli alivua kofia. Mwanzoni alihesabu pumzi zake kwa midomo, moja, mbili, tatu, ili ziishe. Kwa Ahola alisahau kuhesabu, na ilibidi farasi avute kamba.

“Alama ya kwenu ilikuwaje?” Valpuri aliuliza njiani.

“Hatukuwa na kitu cha kuchongea.”

Alimwonyesha basi alama ya Kettula, geti lenye mihimili miwili, iliyokuwa juu ya mlango aliokuwa akipita kila siku. Eskeli alikuwa hajawahi kuinua macho.

Siku ya Maria kanisa lilijaa, kwa kuwa habari zilitembea. Baada ya ibada Mchungaji alimwita Eskeli mbele, akafungua kitabu bila kuchagua. Eskeli alisoma mstari mmoja na nusu. Ilichukua muda ambao kwa kawaida tunamwimbia maiti. Alisimama mahali pale pale ambapo Valpuri angesimama, na kila aliposimama Mchungaji naye alitulia, mkono juu ya kifua chake kibovu, wala hakuuliza.

“Inatosha,” alisema. Ndoa ikatangazwa Jumapili tatu, na mpingaji hakutokea, ingawa Mustola alikohoa.

Afisa alikuja wiki ya pili ya mwezi wa tano, maji yalipokuwa wazi, na mashua mbili. Karatasi yake ilikuwa na majina kumi na moja. La Eskeli lilikuwa la nne, na Mchungaji alilikata mbele yake na kuandika pembeni kwamba huyu ni mwenye shamba la Kettula. Afisa hakujali, alihitaji kitu kingine. Karani wake alikuwa mgonjwa, Sipi hakuonekana, na majina lazima yasomwe hadharani mlangoni mwa kanisa, ndivyo utaratibu ulivyo.

“Nani hapa anajua kusoma? Si kukariri. Kusoma.”

Watu walimtazama Mchungaji. Mchungaji alitazama maji. Kisha usharika wote, bila ubaya wowote, uligeuka ukawaangalia mtu na mkewe wa Kettula.

Eskeli alipewa karatasi. Hakuna mtu aliyewahi kumwona amekosa la kusema, na hata hapo hakukosa, maana lilikuwa limeandikwa. Alilisoma jina la kwanza, mtumishi wa Hirvelä. Alisimama. La pili. Alisimama. Afisa alichungulia karatasi, akidhani pana neno gumu. La tatu lilikuwa Paavali, ambaye alikuwa hatua tano mbele yake, nyusi zimeungua, mikono mieusi kwa lami ya tanuru walilolichimba pamoja.

“Basi soma, bwana,” alisema Paavali. “Mdomo ufungue, uuache uende.”

Eskeli hakuuachia. Alilisoma jina lile kwa macho yake, herufi kwa herufi, polepole hadi mwisho, na kila mmoja wetu aliona kwamba lilikuwamo.

Mengine saba yalichukua asubuhi nzima. Mashua zilipoondoka na wale kumi hapakuwa na wimbi. Valpuri alikuwa amesimama upande wa wanawake, akimsikiliza kama mwalimu, na hakupata kosa.

“Umesoma vizuri,” alimwambia waliposhuka ufukweni.

“Najua,” alisema Eskeli. Akaingia majini mpaka magotini kusukuma mtumbwi, akabaki hapo muda, bila kusukuma.